Namba Tano

Jumamosi, usiku

Kikao cha kuteua kikosi bora cha msimu kimeisha jioni hii na usingizi hauji. Tulikuwa makocha tisa kwenye meza moja, na karatasi za matokeo zilizochakaa kwa kukunjwa mfukoni. Tulibishana saa tatu nzima juu ya wasichana wa sekondari ambao wengi wao hawajui hata kama kuna watu wanakaa kuwajadili. Kazi yetu ilikuwa kupata majina kumi na moja, na kati ya hao mmoja awe mchezaji bora wa ligi.

Tuna kanuni moja ninayoipenda: kocha hampigii kura mchezaji wake. Anaweza kumtaja na kumweleza, kisha ananyamaza. Inasaidia kupunguza upendeleo, lakini ina shimo lake. Siku ya mechi macho yako yako kwa timu yako. Wale wa upande wa pili unawaona nusunusu. Aliyekufunga utamkumbuka hadi mwakani, ila aliyekuzuia humkumbuki kabisa. Unaondoka uwanjani ukidhani washambuliaji wako waliamka vibaya, kumbe kuna binti aliwafanyia kazi hiyo kwa dakika tisini.

Nafasi za mbele zilijaa ndani ya dakika kumi, maana mabao kila mtu anayo kichwani. Mfungaji bora ana mabao 19, na mimi mwenyewe nilimpigia kura bila kusita. Ana miguu yote miwili, na akipewa upenyo wa hatua moja amekumaliza. Nilitaja tu kwamba saba kati ya mabao hayo yalipatikana siku moja, dhidi ya timu iliyofika na wachezaji kumi na haikuwa na hata mmoja wa akiba. Halikuwa kosa lake. Ila kwenye karatasi mabao yote yanaandikwa kwa wino mmoja, na bao la kumi katika mechi iliyokwishakufa linahesabika sawa na lile la dakika za mwisho lililookoa pointi.

Kuhusu kiungo aliyecheza mechi sita kisha akakatika kano ya goti hatukukawia. Wenzangu walisema mechi sita hazitoshi, na nadhani walikuwa sahihi. Lakini iliniuma. Majeraha haya huwapata wasichana wa umri huu kuliko wavulana wenzao, na anayeumia hupotea kwenye mazungumzo kana kwamba alihama shule.

Tulipofika kwenye ulinzi, chumba kikapoa. Mmoja akasema, "Wekeni mabeki wa mabingwa." Mwingine akauliza kama ni wote wanne. "Wote wanne, tumalize." Na kalamu zikaanza kuandika.

Mwaka jana nilikaa kimya mahali hapohapo. Palikuwa na beki mmoja niliyemwona mechi mbili, nikajua kabisa ni mzuri kuliko wote waliotajwa, lakini nilikuwa nimechoka na saa zilikuwa zimekwenda. Yule binti alimaliza shule bila jina lake kutamkwa popote. Nimembeba mwaka mzima. Kwa hiyo leo niliinua mkono, nikamtaja namba tano wa timu iliyoshika nafasi ya saba.

Nilikuwa na daftari. Msimu huu nilijilazimisha kuandika mambo ambayo karatasi ya refa haina nafasi nayo: nani anageuka kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia, nani anamwinua mwenzake akikosea, nani anarudi mbio mpira ukipotea. Nikawasomea ukurasa wa mechi yetu na wao.

Ilikuwa dakika ya 70 hivi. Winga wangu, binti mwenye kasi kuliko wote niliowahi kuwafundisha, alimpita beki wa pembeni akabaki uso kwa uso na namba tano. Nyuma yake palikuwa na kipa tu. Mabeki wengi wa umri ule hujirusha. Wanauangalia mpira, mguu unatoka, wanakalishwa chini kwa chenga moja, na mchezo umekwisha. Huyu hakujirusha. Alisimama upande, magoti yamekunjwa kidogo, mguu wa kushoto mbele. Akawa anarudi nyuma taratibu, hatua fupifupi, macho yakiwa kwenye nyonga za winga wangu na si kwenye mpira. Kila hatua aliyorudi ilimfungia njia ya ndani na kumwachia ya nje. Winga akaifuata ya nje, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Walipofika karibu na mstari wa kona akaugusa mpira mbele kidogo kuliko ilivyopasa, na namba tano akaweka mwili katikati, akauchukua bila kumgusa mtu, akainua kichwa na kumpasia kiungo wake. Hakubutua. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumfokea winga wangu.

Kocha mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwalimu, tuzo ni za wanaofunga. Dunia nzima ndivyo ilivyo."

Kwa kiasi kikubwa ana haki. Ballon d'Or ya wanaume, tuzo kubwa ya mchezaji bora wa mwaka, imetolewa tangu mwaka 1956, na kipa aliyewahi kuichukua ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963. Lakini nilimkumbusha kwamba soka la wanawake limewahi kuona mbali zaidi. Nadine Angerer, kipa wa Ujerumani, aliokoa penalti mbili kwenye fainali ya Ulaya ya mwaka 2013 dhidi ya Norway, timu yake ikashinda 1-0, na FIFA ikamtangaza mchezaji bora wa dunia wa mwaka huo. Kabla yake hakuna kipa, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kupata tuzo hiyo ya FIFA. Mwaka 2020 ikaenda kwa Lucy Bronze, beki wa kulia. Kama dunia iliweza kuwaona hao, sisi tisa mezani tulishindwaje kumwona binti aliyecheza mbele ya macho yetu?

Alicheka, akasema nimekuja nimejiandaa. Na kweli nilikuwa nimejiandaa.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nahangaika hivi kwa ajili ya cheti cha karatasi. Nahangaika kwa sababu wasichana wamengojea sana. Kutoka Ballon d'Or ya kwanza hadi mwanamke wa kwanza kuipokea, Ada Hegerberg mwaka 2018, ni miaka 62. Tena nimeona jinsi jina likitajwa mapema linavyofungua mlango. Asisat Oshoala wa Nigeria alikuwa na miaka 19 alipobeba mpira wa dhahabu wa mchezaji bora na kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20, mwaka 2014. Nigeria ilifungwa fainali, lakini mwaka uliofuata yeye alikuwa Liverpool. Najua wengi wa wasichana wetu hawatafika huko, na si lazima wafike. Nataka tu kila mmoja ajue kwamba siku alizokimbia juani kuna mtu mzima alikuwa anatazama, na aliona.

Tulipiga kura. Namba tano ameingia kwa kura moja zaidi. Wa mabingwa wamebaki watatu.

Jumanne

Leo nimepeleka vyeti. Namba tano aliitwa kutoka darasani, akaja mbio, akapunguza mwendo aliponiona na kutengeneza kola ya shati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiki ni chako."

Alikishika kwa mikono miwili, akasoma jina lake, akasoma tena. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, mliniona wapi? Sisi tulikuwa wa saba."

Nikamweleza ile mechi, ile dakika, yule winga wangu, namna alivyorudi nyuma bila kujirusha. Alikuwa anatabasamu, kisha akaanza kutikisa kichwa.

"Ile haikuwa akili yangu peke yangu, mwalimu. Mimi nilishataka kumrukia. Kipa ndiye alinipigia kelele: 'Simama! Mpeleke nje! Nje!' Huwa hivyohivyo mechi zote. Anatupanga sisi wote wanne, sauti inamkauka hadi Jumatatu hawezi kujibu maswali darasani."

Nikamwuliza jina la kipa, akanitajia, akanyoosha kidole. Upande wa pili wa uwanja palikuwa na binti mdogo wa mwili, amebeba wavu wa goli begani, anaupeleka stoo.

Nimefungua daftari usiku huu kutafuta nilichoandika juu yake. Mechi ile ina kurasa mbili zilizojaa pembe hadi pembe. Za winga wangu ni nusu ukurasa, za namba tano ni karibu ukurasa mzima. Kwa kipa kuna neno moja tu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "mfupi".