Moyo wa mbuzi mezani: nilivyofundisha mzunguko wa damu Lamu

Nafundisha baiolojia kwenye sekondari moja hapa kisiwani, na kwa miaka somo la moyo lilikuwa la kalamu nyekundu na kalamu ya buluu. Wanafunzi wanachora vyumba vinne, wanapaka rangi, wanakariri majina. Ukiwauliza mbona ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, wanakutolea sentensi ya kitabuni na nukta yake. Nikaona bora moyo wenyewe uje darasani.

Kuupata si shida, nyama inauzwa kila siku sokoni kando ya Ngome. Shida ni kuupata mzima. Moyo wa ng'ombe mara nyingi hufika buchani umeshachanjwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta mabuu ya tegu, na ukishachanjwa jaribio la maji limekufa. Kwa hiyo natumia wa mbuzi, na naagiza jana yake: mishipa iachwe mirefu, na mapafu yabaki yameshikana na bomba la hewa. Ami muuza nyama mwanzo alinitazama sana. "Waupika mzima hivi, mwalimu?" Siku hizi haulizi, ananiwekea tu. Barafu nanunua kwa wauza samaki.

Darasani sheria yangu ni moja: kidole kwanza, kisu baadaye. Kila kundi linavaa glavu na kuubinya moyo pande zote mbili. Upande ulio mgumu ndio wa kushoto, hata kama mezani umeelekea mkono wako wa kulia. Hapo ndipo swali la ukuta linajijibu: kulia husukuma damu hadi mapafuni tu, jirani hapo, na kushoto husukuma hadi unyayoni. Mifano ya plastiki ni mizuri kwa majina, lakini haina ugumu wala ulaini, na mimi siitaki tena kwa somo hili.

Kisha maji. Tunasafisha damu iliyoganda ndani ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoka upande wa kushoto, tunausimamisha moyo na kumimina maji humo polepole. Vali ya aota, kilango chenye vipande vitatu kinachozuia damu isirudi nyuma, inajifunga, maji yanasimama. Mwangalifu ataona yanapungua kidogo kidogo: juu tu ya vali kuna vitundu viwili, milango ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Nawaambia kwamba mishipa hiyo ikiziba kwa binadamu ndipo mtu hupata shambulio la moyo, na darasa hunyamaza, maana kila nyumba ina mzee wa presha.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ukuta wa katikati, unaotenganisha kulia na kushoto. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya ukuta huo kupitia matundu madogo yasiyoonekana, na dunia ikamwamini kwa zaidi ya miaka elfu. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288, aliandika kwamba ukuta huo hauna tundu, damu lazima izunguke kupitia mapafu. Simwambii mwanafunzi nani alipatia. Nampa kijiti chembamba, nampasulia moyo, namwambia atafute tundu. Wanatafuta kwa bidii ya kutaka kumtetea mtu, wengine Galen kwa ubishi tu, mpaka wanachoka.

Moyo ukishapasuliwa zinaonekana zile nyuzi nyeupe zinazoshika kwa chini vali nyingine, zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini. Kijana mmoja, mtoto wa nahodha, alizivuta kwa kidole akasema, "Mwalimu, hii si demani?" Ndiyo kazi yake hasa: kamba inayolizuia tanga lisipinduke upepo ukilijaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa dakika kumi.

Bomba la hewa tunalimaliza haraka. Wanapitisha kidole juu ya pingili za gegedu na kugundua kwamba hazijafunga duara, nyuma kuna nafasi laini. Wanajipapasa shingo zao wenyewe. Kwa nini nyuma? Kwa sababu umio, njia ya chakula, uko hapo, na tonge la wali likipita linahitaji pa kutanukia. Mapafu tunayapuliza kwa pampu ya baiskeli, kamwe si kwa mdomo.

Wasiotaka kushika siwalazimishi. Wanakuwa waandishi wa kundi, na wengi wao huishia kuomba glavu. Mezani tunaosha kwa sabuni na dawa ya kuua viini, visu vinahesabiwa kabla mtu hajatoka, na mabaki hayarudi jikoni kwa mtu. Paka wa mtaa wanajua ratiba yangu kuliko mkuu wa shule.

Kinachobaki kunisumbua ni muda. Vipindi viwili mfululizo ndivyo vinavyotosha, na kuvipata inabidi nimbembeleze mwalimu wa historia anipe chake. Nimeanza kumwambia kwamba Ibn al-Nafis ni historia vilevile.