Abasia Isiyo na Watawa

Nimekulia Peramiho, karibu na Songea. Kwetu ukisema abasia kila mtu anaelewa: kengele ya alfajiri, watawa Wabenedikto wakienda kusali, karakana, wagonjwa hospitalini. Basi nilipohamia Wiltshire, kusini magharibi mwa Uingereza, nikaona kibao kimeandikwa Lacock Abbey, moyo ulitulia. Jumapili ya kwanza niliyokosa zamu nikavaa vizuri, nikaenda kuuliza misa ni saa ngapi.

Misa hakuna. Haijasomwa kwa masista wa pale tangu 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akizifunga nyumba za watawa nchi nzima. Mwaka uliofuata akainunua mtu mwenye fedha, William Sharington. Alibomoa kanisa, akafanya makazi yake humo katika vyumba vya masista. Jina hakulibomoa. Baadaye nikakuta Woburn Abbey, Newstead Abbey, yote majumba ya wakubwa, na hadithi ni hiyohiyo. Hata nyumba nyingi ziitwazo Grange zimebeba jina la mashamba ya watawa yenye maghala ya nafaka. Waliofukuzwa wamesahaulika, lakini postamani anawataja kila asubuhi. Jambo hili bado linanigusa kuliko kasri lolote nililoliona huku.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na vijijini nyumba nyingi hazina namba. Karatasi ya zamu inakuandikia The Old Forge, yaani palipokuwa kwa mhunzi; The Old Rectory, alipokaa mchungaji wa parokia; The Old School House, ambayo haihitaji maelezo. Postikodi moja inabeba nyumba kadhaa. Simu inakwambia umefika, kumbe uko katikati ya njia nyembamba, giza, mvua, na mzee anangoja dawa zake za usiku.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa miaka 91. Aliniambia nisihesabu nyumba, nishike baa, kisha niulize kutoka hapo. Mimi pombe situmii, lakini tangu siku ile hakuna kibao cha baa kinachonipita. Mwaka 1393, enzi za Richard II, wauza pombe wa London walilazimishwa kutundika alama nje, ili wakaguzi wa pombe wajue pa kuingia. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama ilikuwa picha. Kulungu dume mweupe, White Hart, alikuwa nembo ya Richard mwenyewe, na mpaka leo yuko kwenye baa za miji mingi.

Kibao ninachokipenda zaidi ni Royal Oak, mwaloni wa mfalme. Septemba 1651 Charles II alishindwa vitani Worcester, akakimbilia Boscobel, akashinda siku nzima amejificha juu ya mwaloni huku askari wa Cromwell, jemadari aliyemshinda, wakimsaka msituni. Alirudi kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, na mti ukatapakaa kwenye vibao vya nchi nzima. Sisi tuna Mwembechai pale Magomeni. Nadhani mtu wa Dar hapati shida kuelewa mahali kuitwa kwa mti.

Ndiyo maana inaniuma baa ya kijiji inapofungwa, ikageuzwa nyumba za kupangisha, na kibao kikashushwa. Mwenye nyumba mpya anachagua jina tamu la matangazo, na mia kadhaa za miaka zinafutwa kwa brashi moja ya rangi.

Bibi aliniuliza nyumba yetu Peramiho inaitwaje. Nikamwambia, haina jina. Kisha nikakumbuka. Baba alikuwa mshona nguo, amefariki 2009, cherehani iliuzwa. Anaishi kaka yangu, fundi wa pikipiki. Na ukishuka kwenye basi ukauliza, watakuelekeza: kwa Fundi Cherehani.