Hapo fidla inyamaze

Jana usiku kwenye mazoezi ya taarabu mwalimu alinisimamisha katikati ya wimbo. "Mwanangu, hapo fidla inyamaze. Iachie nai." Sikuwa nimekosea noti hata moja. Tukarudia, nikaulaza upinde gotini, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na kikundi nikaisikia nai, ile filimbi ya mwanzi, inavyomjibu mwimbaji. Miezi yote hiyo nilikuwa naifunika.

Tangu hapo nalifikiria neno kupanga. Mtu anaweza kutunga wimbo kwa ala ya nyuzi ya udi peke yake, ukawa umekamilika. Kuupangia ala ni kazi nyingine: nani aanze, nani ajibu, nani asubiri. Mwaka 1922 Ravel, mtunzi wa Kifaransa, aliuchukua muziki wa piano wa Mrusi Mussorgsky, ulioandikwa 1874, akaugawia okestra nzima. Tuni ni zilezile, lakini ukiusikia utadhani mtu amefungua madirisha. Sisi wa taarabu tunapanga zaidi kwa masikio. Bashraf, muziki wa ala bila kuimba, inatangulia, ala zinazoeana, ndipo mwimbaji asimame. Tukilinganisha sauti, kikundini kwetu tunaisikiliza kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Nami nalipenda jina hilo, kwa kuwa sheria nayo tunaiita kanuni, na neno ni moja.

Mitaani kupanga kumechafuka. Mechi imepangwa, mashahidi wamepangwa: ukisikia hivyo unajua kuna mkono uliojificha. Linaniuma, maana nimemwona mpangaji wa kweli, naye hakujificha.

Wiki iliyopita, kwenye hitima ya babu, shangazi alikaa mkekani karibu na mlango wa ua. Hakupaza sauti hata mara moja. Alimtazama mmoja, naye huyo akainuka kwenda kufunua sufuria ya pilau. Alimgusa mwingine bega, naye akachukua birika na beseni la kunawia. Barazani dua ilipofika mwisho, "amin" ya mwisho ilikutana na sinia ya kwanza mlangoni. Harufu ya iliki ikajaa nyumba nzima.

Mimi nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi. Akaniambia, "Wewe kaa na bibi yako." Nilihisi nimenyimwa. Nikaenda nikakaa. Bibi hakusema neno. Aliushika mkono wangu, na hakuuachia mpaka sinia zote zikarudi tupu.