Tairi la nyuma linacheza: nilivyobaini ni beringi

Gari ni dogo, la kuvuta mbele, breki za nyuma za dramu. Nati za tairi zilikuwa zimekaza, kwa hiyo nikaweka kabari mbele, nikapiga jeki na kuweka stendi, handibreki ikiwa imeachiwa. Kulitikisa tairi juu na chini kukatoa mlio wa “tak”. Msaidizi alipokanyaga breki, mchezo ukaisha. Ungebaki, ningeshuku bushi (raba za viungio vya chini ya gari). Nikazungusha tairi, kiganja kikiwa kwenye springi: mkwaruzo unasikika mkononi kabla ya masikioni.

Habu (kitovu kinachofungwa tairi) ya gari hili huuzwa nzima na beringi yake, hushikwa na bolti nne nyuma. Sugua kutu kwenye kikalio chake, la sivyo mpya itakaa upande. Nati za tairi kaza kwa kupishana, takriban Nm 100 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa zenye uzi wa milimita 12.