Mashine ya ndevu ya mzee imeacha kuning'oa

Jamani nimepumua. Mashine ya ndevu aliyoniachia marehemu baba, ile ya vichwa 3 vya duara, ilikuwa inanguruma fresh tu ila inavuta ndevu mpaka machozi. Nikampa fundi redio achomelee betri mpya ya volti 1.2, wapi. Mafuta ya cherehani, wapi. Kumbe siku naiosha nilichanganya visu! Kila kisu kimelika pamoja na kifuniko chake cha matundu miaka yote hiyo, ukikihamishia kingine hakikai sawa. Namna za kupanga visu 3 kwenye vifuniko 3 ziko 6 tu, nikajaribu mpangilio mmoja mmoja, wa 4 ikatulia kabisa. Sasa nimeweka alama kwa rangi ya kucha ya wife (hajajua bado) na naosha kimoja kimoja.