Tunachokificha Tunapofunga

Wapendwa katika Bwana, kabla hamjaendelea na tafakari hii, fungueni Isaya 58 muisome yote. Ina aya 14 tu. Nimekaa nayo juma zima, na maneno yaliyonishika yako mwishoni kabisa mwa aya ya 7, mahali ambapo kwa miaka mingi nimekuwa nikipita mbio kuwahi ahadi za aya ya 8: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe."

Niseme kwanza juu ya watu walioambiwa maneno hayo. Hawakuwa wapagani wala vuguvugu. Aya ya 2 inasema wanamtafuta Mungu kila siku na wanafurahia kumkaribia. Walifunga kweli, na njaa waliyoisikia ilikuwa njaa kweli. Ndiyo maana swali lao lina uchungu ndani yake: "Mbona tumefunga, lakini huoni?" Nadhani kila aliyewahi kufunga kwa ajili ya mgonjwa, au ndoa inayovunjika, au mtoto aliyepotea, analijua swali hilo hata kama hajawahi kulitamka.

Mungu anawajibu kwa kuwaonyesha siku yao ya mfungo ilivyokwenda. Walikuwa wakiwalemea wafanyakazi wao. Walikuwa wakishindana, wakigombana, wakipigana ngumi. Hebu fikiri: bwana mkubwa hajala tangu asubuhi, kichwa kinamgonga, hasira ziko karibu, na anayeibeba njaa yake ni kijana aliyemwajiri. Bwana mkubwa anapata sifa ya kufunga, na kijana anapata matusi. Kisha jioni bwana huyo anapiga magoti na kuuliza kwa nini mbingu zimenyamaza.

Sasa niwaeleze ya kwangu. Jumatano iliyopita nilikuwa nimefunga, lakini watoto walipaswa kula, hivyo mchana nilisimama jikoni kama siku zote. Nilikoroga mchuzi, nikachota kidogo kwa mwiko, nikadondoshea kiganjani kuonja chumvi. Mkono ulikuwa umeshafika mdomoni ndipo nikakumbuka. Nilisimama pale, kiganja kikiwaka kwa moto wa mchuzi, nikajiuliza ni mangapi ninayatenda hivyo kila siku, mkono ukitangulia na moyo haujaulizwa. Hilo ni jambo moja ambalo mfungo hulifanya vizuri kuliko mahubiri mengi. Hausemi kitu. Unaondoa sahani tu, halafu unayaona yaliyokuwa chini yake.

Muda si mrefu simu ikaita, iko mezani. Nikaona jina la mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye. Nikaigeuza ikatazama chini mpaka ikanyamaza. Mkono ule ule, kwa wepesi ule ule, ila safari hii hakuna kilichoniunguza. Nikaosha mikono, nikarudi kwenye maombi yangu.

Usiku nilipofungua Isaya nikakutana na neno "usijifiche".

Mdogo wangu alinikopa fedha wakati wa shida, akaahidi mwezi, mwezi ukapita, akaja na maelezo, kisha maelezo mengine. Baada ya hapo niliacha kupokea simu zake. Ni miezi minane sasa. Kwa kawaida mwenye deni ndiye anayemkwepa anayemdai. Kwetu imekuwa kinyume: yeye anapiga, mimi najificha. Na katika miezi hiyo minane nimefunga mara nyingi tu, nikiombea amani ya familia.

Bwana Yesu naye anasema juu ya kujificha na kuonekana, katika Mathayo 6:16 hadi 18. Wanafiki, anasema, "hujiumbua nyuso zao, ili waonekane na watu kuwa wanafunga." Katika Kiyunani, hilo neno "kujiumbua" na lile "waonekane" yanatoka katika shina moja: wanaufanya uso wao usionekane ili wao waonekane. Yesu hakuwakataza wanafunzi wake kufunga. Anasema "mfungapo", kama jambo analolitarajia. Anachokiagiza ni kunawa uso na kupaka mafuta kichwani, kwa sababu Baba yuko sirini na anaona sirini.

Ziweke aya hizo mbili kando kando. Yesu anasema, mfungo wako ufiche. Isaya anasema, ndugu yako usimfiche uso wako. Mimi nimekuwa nikifanya kinyume cha yote mawili. Watu wa kikundi changu cha maombi wanazijua siku zangu za kufunga, maana nimehakikisha wanazijua, kwa sauti ya unyonge na kwa "leo sili, niombeeni." Anayepaswa kuuona uso wangu ndiye ambaye sijamwonyesha. Halafu namlalamikia Mungu kwamba haoni.

Najua wengine mtauliza kama basi kufunga kuna nguvu yoyote katika maombi. Kuna nguvu, lakini tuwe waangalifu tunavyoifundisha. Esta aliomba Wayahudi wa Shushani wafunge siku tatu, usiku na mchana, bila kula wala kunywa, na watu wake wakaokolewa. Watu wa mji wa Ninawi walifunga, hata mifugo yao haikulishwa, na Mungu akaghairi kuwaangamiza. Lakini Biblia hiyo hiyo ina 2 Samweli 12, sura ambayo hatuipendi kwenye mikesha. Daudi alifunga kwa ajili ya mtoto wake, akalala chini usiku kucha, wazee wa nyumba yake wakamsihi ainuke naye akakataa. Siku ya saba mtoto akafa. Watumishi waliogopa kumwambia. Yeye alipoona wananong'onezana, akaelewa. Akaondoka pale chini, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa BWANA akasujudu. Kisha akarudi kwake akaomba chakula, akala.

Angalieni mpangilio huo: kuoga, mafuta, ibada, ndipo chakula. Alinyimwa alichokiomba kwa njaa ya siku saba, na mahali pa kwanza alipokwenda palikuwa kwa Yule aliyemnyima. Mtu aliyefunga ili kumbana Mungu hawezi kufanya hivyo. Angeondoka kwa hasira ya mnunuzi aliyelipa asipewe mzigo. Daudi alifunga kwa sababu alikuwa na Mungu wa kumlilia, na baada ya kaburi bado alikuwa na Mungu huyo huyo. Kwa wale kati yenu mliofunga na jibu likawa "hapana", sura hii ni yenu. Isomeni taratibu. Msikubali mtu awaambie kwamba mtoto wenu au mama yenu angepona kama mngefunga siku mbili zaidi.

Nirudi kwa Isaya. Kiswahili kimetupa hazina katika jambo hili. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga kula, na jua likizama tunafungua. Nabii alisema Kiebrania, hakuwa na mlingano huu mdomoni mwake, lakini kwetu sisi aya ya 6 inasikika hivi: saumu niliyoichagua ni "kufungua vifungo vya uovu, kuzilegeza kamba za nira." Anayefunga anaulizwa, umemfungua nani? Nilidhani katika habari ya deni lile aliyefungwa ni mimi, niliyedhulumiwa. Nilipotazama vizuri niliona mwisho wa kamba uko mkononi mwangu. Kila simu ninayoiacha iite mpaka ikatike ni kukaza kidogo.

Aya ya 7 inaanza na chakula: kuwagawia wenye njaa chakula chako. Neno ni "chakula chako", na kanisa la kwanza lililichukua kama lilivyo. Wakristo wa zamani sana walifunga Jumatano na Ijumaa, na chakula ambacho hawakukila hakikubaki kabatini kikisubiri kesho. Katika karne ya 2, Aristides, Mkristo wa Athene, alimwandikia Kaisari wa Roma kuwatetea waamini. Kati ya mambo aliyomweleza ni kwamba kukiwa na maskini kwao, nao hawana cha ziada, hufunga siku mbili au tatu ili maskini huyo apate chakula. Tafakarini hilo. Hawakuwa na akiba, hivyo njaa yao ndiyo iliyogeuka kuwa sadaka. Mtu fulani alishiba kwa sababu mtu fulani alifunga, na huenda hakumjua. Siri ya Mathayo 6 ilitunzwa hapo hapo.

Nimejiuliza milo niliyoiacha mwaka huu ilikwenda wapi. Kwa ukweli, mingi niliila jioni, yote kwa mkupuo.

Jambo moja la mwili, kwa sababu nawapenda. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa zinazohitaji chakula, aliyewahi kuumwa ugonjwa wa kujinyima kula: usifunge chakula bila kuongea na daktari wako, na usijihesabu mdogo mbele za Bwana kwa hilo. Danieli alikaa majuma matatu bila chakula kitamu, nyama wala divai, na hiyo nayo iliitwa kujitaabisha. Na Eliya, kabla ya siku zake 40 za kwenda Horebu, malaika alimlisha mara mbili. Mungu anaujua mwili aliouumba.

Ahadi ya aya ya 9 sasa naisoma kwa hofu: "Ndipo utaita, na BWANA ataitika, utalia, naye atasema, Mimi hapa." Neno "ndipo" limeshika yote yaliyotangulia, pamoja na lile la kutojificha. Mungu ananiahidi kuitika ninapoita, mimi ambaye simu ilikuwa ikiita mezani nami nikiitazama.

Ijumaa nilifunga tena. Sikumwambia mtu. Asubuhi nilinawa uso, nikapaka mafuta, nikaenda kazini. Mchana, saa ambayo ningekuwa nakula, nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli na kumpigia mdogo wangu. Haikupokelewa. Nikakiri moyoni kwamba ni haki yake. Nikapiga tena, akapokea, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya deni, jinsi nilivyoamua kulifuta, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Ni mimi, dada yako."

Akasema anajua. Kisha akaniuliza, kama mama alivyokuwa akituuliza, kama nimeshakula.

Nikamwambia bado, nitakula jioni, aje tule wote.