Siku moja gereji: tabo, supachaja na mlima wa Mto wa Mbu

Saa 11:30 alfajiri

Julai ya Arusha haina huruma, na maji ya bomba asubuhi hii yalikuwa kama yametoka moja kwa moja kileleni Meru. Nimewapikia watoto uji, nimewaacha na bibi yao, na saa 12 na robo nimeshaanza kushuka kutoka Moshono. Kichwani nilikuwa na magari mawili. La kwanza lililala gereji tangu jana likitoa moshi wa bluu. La pili ni la mwalimu mmoja aliyenipigia usiku na swali ambalo mwezi hauishi bila mtu kuniuliza: "Dada fundi, gari la kutembelea kila siku, niweke tabo au supachaja?" Vyote ni vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu.

Nilimwambia aje saa 4. Jibu la simu halitoshi.

Saa 1 asubuhi

Gereji yetu iko upande wa Unga Limited. Dogo ninayemfundisha kazi alikuwa ameshafagia na kupanga spana kwa namba, kubwa hadi ndogo, kama ninavyopenda. Chai ya tangawizi, chapati mbili, tukavaa ovaroli.

Saa 2

Tukaanza na lile la moshi wa bluu. Ni gari la familia lililotoka kiwandani na tabo. Mwenyewe anasema oili inapungua na hakuna mahali inapodondokea. Nikafungua hozi inayopeleka hewa kwenye tabo, nikapitisha kidole ndani kikatoka kimelowa oili.

Nikamwita dogo asogee na tochi. Ukitaka kujua hali ya tabo, shika ncha ya shafti, kile chuma kinachobeba feni zake, kwa vidole viwili. Itikise juu na chini: ikicheza kidogo sana usiogope, maana shafti za tabo nyingi hazikukaa kwenye gololi, zinaelea juu ya oili ndani ya bushi. Kisha isukume ndani na uivute nje. Hapo kidole kisisikie kitu. Hii iliingia na kutoka mpaka tukasikia mlio, na ncha za feni zilikuwa zimeng'aa pale zilipokuwa zinakwaruza ukuta. Shafti hiyo ikiwa kazini inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ikikosa oili hata kwa muda mfupi, basi.

Nikafuata bomba dogo linaloleta oili. Kwenye boliti yake yenye tundu kati, injini hii ina kichujio cha nyavu, hakizidi ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Nikakitoa kwa koleo nyembamba, nikakiinua kwenye mwanga wa mlango. Hakuna mwanga uliopita. Kilikuwa kimejaa ukoko mweusi wa oili iliyoungua, mgumu kama masizi ya chungu. Kibandiko cha sevisi kilionyesha oili ilimwagwa kilomita 14,000 zilizopita. Tabo hii ilikufa kwa kiu.

Nilimpigia mwenye gari taratibu. Amelinunua mwaka huu, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba gari lenye tabo linadai oili nzuri na kwa wakati. Mimi hapa kwangu siruhusu lipite kilomita 5,000. Inaniuma kila mara, kwa sababu pesa anayokwenda kulipa leo ingenunua oili ya miaka.

Saa 4

Mwalimu alifika na Toyota IST yake, ile yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Anakaa Ngaramtoni, anafundisha Usa River, kwa hiyo kila siku ya kazi anaukata mji mzima. Ijumaa moja moja anapeleka familia nyumbani Karatu: mke, watoto watatu na mizigo. Kinachomsumbua ni ule mlima wa baada ya Mto wa Mbu. "Dada, pale nakanyaga mpaka mwisho, gari linalia tu, halivuti. Malori yananikaribia nyuma."

Nikamwomba aniendeshe njia yake ya kila siku, nami nikakaa pembeni na kipande cha boksi na kalamu. Tulipita Sanawari, Mianzini, Sakina, tukapanda mpaka Ngaramtoni na kurudi. Kila nusu dakika niliangalia mshale wa mizunguko ya injini nikaandika. Tuliporudi nikamwonyesha boksi: karibu namba zote zilikuwa kati ya 1,300 na 2,600. Mara moja tu alivuka 3,500, alipolipita trekta.

Boksi lile ndilo lilibeba nusu ya jibu langu. Watu huniuliza hiki kinatoa nguvu za farasi ngapi na kile ngapi. Mimi nauliza mshale wako unaishi wapi.

Nikamweleza. Vyote viwili vinafanya kazi moja, kusukumia injini hewa nyingi kuliko ile inayoweza kuvuta yenyewe, ili ichome mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko. Tofauti iko kwenye kinachoizungusha feni. Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya injini, kwa hiyo ukigusa tu mafuta, ipo. Ila inakula nguvu ya injini hiyo hiyo, na inakula unapoihitaji na hata usipoihitaji, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji waliiwekea klachi ya kuikata. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka, moshi ambao ungepotea na joto lake angani. Inabana ekzosi kidogo, bure kabisa haipo, lakini kwa matumizi ya mafuta inaishinda supachaja. Tatizo lake ni kuchelewa. Moshi ukiwa kidogo, feni haijachangamka, unakanyaga na kusubiri. Tabo kubwa inaweza isiamke kabla ya mizunguko 3,000 au zaidi, na mwalimu kule hafiki. Angebeba chuma kilicholala kutoka Ngaramtoni hadi Usa River kila siku ya Mungu.

"Kwa hiyo ni supachaja," akasema.

Nikamwambia amsubiri kwanza mzee mmoja.

Saa 6 mchana

Mzee ni mteja wangu wa Njiro, mstaafu, ana Mercedes C200 Kompressor anayoitunza kama mboni ya jicho. Hilo neno la Kijerumani linamaanisha supachaja. Alikuja kubadilisha mkanda, na ninapobadilisha mkanda wa gari hili nazungusha kila puli kwa mkono huku nimetega sikio, maana beringi ya puli moja ikikwama, mkanda unakatika na kila unachokizungusha kinasimama.

"Shikamoo mzee. Huyu mwalimu anataka kuonja supachaja, unaweza kutuzungusha kidogo?"

"Marahaba mwanangu. Pandeni."

Mzee alitupeleka kwenye kipande kinachopanda, akaliacha gari litambae kwa mizunguko 1,500, kisha akakanyaga polepole. Gari liliondoka palepale, bila kishindo, kama injini yake ni kubwa kuliko ilivyoandikwa. Ukisikiliza vizuri unasikia na mluzi mwembamba kutoka mbele. Mwalimu alitabasamu mpaka macho yakafumba. Nami nakiri wazi: kwa foleni ya Sakina, kwa kusimama na kuondoka mara 40 asubuhi moja, hakuna mvuto mtamu kama wa supachaja ya aina hii.

Sasa mbona hao hao Mercedes, kwenye injini zao ndogo za petroli, waliiacha na kuhamia kwenye tabo? Mafuta na moshi. Na Volkswagen waliwahi kufunga vyote viwili kwenye injini ya cc 1,400 tu, Golf GT ya 2005: supachaja inavuta chini, tabo inapokea juu. Gari tamu sana, ila nenda kaulize spea zake hapa mjini.

Saa 7

Makande na parachichi. Dogo aliniuliza swali zuri: kama supachaja inavuta mapema hivyo, kwa nini mimi huipendelea tabo kwa mlima kama ule wa kwenda Karatu?

Nikamwambia sababu ni hewa ya hapa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Presha ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam au Tanga, na injini isiyosukumiwa hewa inapoteza karibu ile asilimia 15 ya nguvu yake. IST ya mwalimu ilitoka Japani na nguvu za farasi kama 110. Hapa usiihesabie zaidi ya 95. Na Karatu iko juu zaidi. Sasa supachaja imefungwa kwa mkanda, inazidisha hewa kwa uwiano uleule uliowekwa na puli. Ikipewa hewa nyepesi, inazidisha hewa nyepesi. Inasaidia, ndiyo, lakini ile asilimia iliyopotea imepotea. Tabo haina mkanda. Hewa ikiwa nyepesi inaweza kuzunguka haraka zaidi ikafidia, mradi isivuke uwezo wake.

Nikamsimulia kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo la tabo mwaka 1905. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty kwenye mlima Pikes Peak kule Colorado, mita kama 4,300, mfupi kidogo kuliko Meru wetu. Chini injini ile ilitoa nguvu za farasi 350. Kule juu bila tabo ikashuka hadi 230. Wakaifungia tabo, kulekule kileleni ikatoa 356. Dogo aliacha kula, akageuka kuutazama mlima.

Saa 9 alasiri

Mwalimu alirudi baada ya kwenda benki, tukakaa kwenye benchi. Nilitaka aondoke na ukweli wote, hata ule unaoninyima kazi.

Injini yake ina kompresheni ya 10.5 kwa 1. Mchanganyiko wa hewa na mafuta unabanwa sana tayari kabla sijaongeza chochote. Ukiusukumia hewa zaidi, joto linapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na kugonga kunatoboa pistoni. Ili ivumilie nitalazimika kuweka presha ndogo sana, intakula ya kupooza hewa, nozeli kubwa, kuipangia upya kompyuta ya injini, na bado gia boksi ile haikutengenezwa kwa mzigo huo. Na hayo hayabadiliki uchague tabo au supachaja. Nimeshapokea magari yaliyobandikwa tabo kwa haraka mahali pengine. Nilipofungua silinda nilikuta pistoni imemeguka pembeni kama kipande cha mkate. Wenyewe walikuwa watu wa kipato cha kawaida, na gari ndilo lililowapeleka kazini.

Na kuna suala la mkono wa fundi. Mji huu una magari ya watalii na malori ya dizeli mengi, na kwa ajili yake kuna watu wanaojua kufungua tabo, kubadilisha bushi na kuisawazisha. Supachaja ikilia beringi za ndani, unaagiza nje na gari linasubiri.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: kwa gari la kila siku hapa Arusha, mimi ningechagua tabo, ndogo, iliyofungwa na kiwanda kwenye injini iliyopangwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Ndogo ili iamke kabla ya 2,000, pale mshale wako unapoishi. Uza IST ikiwa nzima, ongeza pesa, ununue la namna hiyo. Au baki nayo, safisha kichujio cha hewa, badilisha plagi, na kule mlimani weka gia ya chini mapema kabla mwendo haujafa, mizunguko ipande mpaka 4,000 bila wasiwasi. Injini ile inavumilia, wewe ndiye unayeogopa kelele yake.

Alikaa kimya. Alitaka nimwambie supachaja, nililiona usoni. Ule mvuto wa gari la mzee ulikuwa bado haujamtoka.

Saa 11 jioni

Tabo iliyokarabatiwa ya gari la asubuhi ilifika. Bomba la oili jipya, kichujio kipya, intakula tumeimwaga oili yote iliyokuwa imelala ndani. Kabla ya kufunga bomba nilidondosha oili safi kwenye tundu la tabo huku nikizungusha feni kwa kidole mpaka ikawa laini. Kisha nikatoa fyuzi ya pampu ya mafuta, dogo akapiga stata mara tatu, sekunde 10 kila mara, injini izunguke bila kuwaka mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo nikarudisha fyuzi.

Iliwaka. Tukaiacha ingurume dakika 10, moshi wa bluu uliobaki kwenye ekzosi ukaungua ukaisha. Mwenye gari nilimwambia mambo mawili: asubuhi usilikamue kabla oili haijapata moto, na ukitoka kupanda mlima mrefu kwa nguvu, liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isije ikaungua ndani ya tabo iliyo na moto. Akaandika kwenye simu.

Saa 1:30 usiku

Nimefika nyumbani, nimenawa grisi, simu ikaita ujumbe. Mwalimu. Ametuma picha nne za gari lenye tabo ya kiwandani linalouzwa na jirani yake wa Ngaramtoni: mbele, nyuma, viti, dashibodi. "Dada, unalionaje?"

Nikamjibu: Rangi nzuri. Kesho asubuhi kabla halijawashwa, fungua kifuniko cha oili, unipigie picha ya upande wake wa ndani. Kisha uliza lini oili ilimwagwa, na uone kama wana risiti.